Maktaba ndogo ya Ngamiani inayofundisha kusoma hadithi za mapenzi kwa penseli

Kwa miezi minane sasa nimekuwa mteja wa duka moja la steshenari lililoko katika mojawapo ya barabara zenye namba za Ngamiani, hapa Tanga. Ninaandika tathmini hii si kwa ajili ya fotokopi zao, ingawa ni safi na bei yake ni ya kawaida, bali kwa ajili ya kabati la vitabu lililoko nyuma ya mashine na mkeka unaotandikwa mbele yake kila Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye wateja wote humwita Mwalimu. Anaazimisha riwaya za Kiswahili kwa shilingi 500 kwa wiki, na kila anayeazima anakaribishwa kwenye kikao cha kusoma pamoja bila malipo ya ziada. Sitalitaja duka kwa jina, na hayo ndiyo makubaliano yangu na mwenyewe, kwa sababu baadhi ya wanawake wanaofika pale wameaga nyumbani kwamba wanakwenda kutoa kopi ya cheti cha mtoto, na ni vyema waendelee kuaminiwa hivyo. Ninaieleza huduma hii ili wenye maktaba, maduka ya vitabu na vikundi vya akina mama katika mitaa mingine waone jinsi inavyofanyika, na wajue mahali ambapo bado ina upungufu.

Kinachosomwa zaidi ni hadithi za mapenzi, na hapo ndipo nilipovutika. Vikao vingi vya kuelimisha kuhusu ukatili wa majumbani nilivyowahi kuhudhuria huanza na bango la mwanamke mwenye jicho lililovimba, na wanawake walioketi pale, ambao wengi wao hawajawahi kuvimba jicho, huondoka wakiwa na hakika kwamba jambo hilo ni la watu wengine. Mwalimu haanzi na jicho. Anaanza na kurasa ambazo sisi wenyewe tumezilipia na kuzifurahia: mwanamume mwenye gari anayemfuata binti kazini kila jioni bila kuitwa, anayekagua simu yake kwa kuwa "anampenda kupita kiasi", anayempiga kofi usiku na kulipopambazuka akapiga magoti analia, na mtunzi akatutaka tumhurumie yeye kuliko aliyepigwa. Riwaya za kabatini ni za kuchapwa, lakini zipo pia zile hadithi zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, ambazo Mwalimu huzilipia, huomba idhini ya mtunzi, kisha hutoa nakala chache kwenye mashine yake mwenyewe.

Kila msomaji hupewa penseli na karatasi iliyokunjwa katikati. Upande wa kushoto anaandika vitu ambavyo mhusika wa kike alikuwa navyo au aliweza kuvifanya katika sura ya kwanza, na upande wa kulia anaandika vilivyobaki katika sura ya kumi. Hakuna anayeulizwa kama mwanamume huyo ni mkatili, wala neno ukatili halitajwi mpaka karatasi zijae.

Katika kikao changu cha pili tulisoma hadithi ya binti mshonaji. Sura ya kwanza ilimkuta ana cherehani yake, ana hisa kwenye kikoba, kila mwisho wa mwezi anakwenda Pangani kumtazama shangazi yake, na ana wateja wanaompigia simu kuulizia magauni ya sikukuu. Akatokea bwana, akampenda, akaanza kumbadilishia maisha. Tulipofika pale anapomnunulia simu mpya, mkeka mzima ulihema kwa raha, na mimi nikiwamo. Mwalimu akasubiri tutulie, kisha akauliza kwa sauti yake ya darasani: "Ile ya zamani imekwenda wapi, wanangu?" Tukarudi ukurasa mmoja nyuma. Ile ya zamani ilikuwa imetupwa baharini pamoja na laini yake, na ndani yake zilikuwamo namba za shangazi, za wateja na za wenzake wote wa kikoba. Sote tulikuwa tumeusoma mstari huo, na sote tulikuwa tumeupita. Tulipofika sura ya kumi, cherehani lilikuwa limeuzwa ili mke "asiteseke na kazi", Pangani hakuendeki kwa kuwa shangazi "ana mdomo", na upande wa kulia wa karatasi yangu ulikuwa na maneno mawili tu: nyumba, simu. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na kofi hata moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba njia hii ya kuhesabu vilivyopotea inaendana na fikra za wataalamu. Evan Stark wa Marekani aliandika mwaka 2007 kwamba kiini cha mahusiano ya aina hii mara nyingi si kipigo, bali ni mtu kunyimwa uhuru wake kidogo kidogo, kwa kutengwa na ndugu, kufuatiliwa, kubanwa fedha na kuwekewa masharti ya kila siku, na mwaka 2015 Uingereza na Wales zikaufanya mwenendo huo kuwa kosa la jinai. Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, inautaja ukatili wa mwili na wa akili, uwe juu ya mwenzi au juu ya watoto, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado mtaani kwetu mtu huulizwa kwanza kama amepigwa.

Zoezi la pili ni la kubadilisha majina. Msomaji anachukua aya iliyompendeza na kuisoma kwa sauti, lakini badala ya jina la mhusika anaweka jina la binti yake mwenyewe, au la mdogo wake, au la mjukuu. Ni zoezi jepesi kulieleza na zito kulifanya. Nimemwona mama mmoja aliyekuwa akimtetea shujaa wa hadithi kwa nguvu zake zote akifika katikati ya sentensi, akakwama kwenye jina la mwanawe wa darasa la saba, akairudisha karatasi mezani bila kuimaliza.

Hadithi si chanzo cha yote haya, na Mwalimu hasemi hivyo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume waliohojiwa walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Wanawake waliwazidi wanaume. Mtu anayefikiri hivyo hakufundishwa na riwaya peke yake. Amefundishwa na nyumba aliyokulia, na kwetu pwani amefundishwa pia siku alipofundwa. Ndiyo maana ninampa Mwalimu sifa ya pekee kwa kumwalika mkekani bibi mmoja aliyewafunda mabinti wa Ngamiani kwa miongo mingi. Niliogopa kwamba angeshambuliwa au angeshambulia. Alisikiliza vikao vitatu bila kusema neno, akiwa na kahawa yake, na cha nne akasema: "Nilikuwa nikimwambia mwali, siri ya chumbani haivuki kizingiti. Nilikuwa na maana ya mambo ya unyumba. Sikujua kwamba wameitia na mbavu zilizovunjika humo humo." Tangu siku hiyo, mwali anapofundwa naye hutenganishiwa yale ya kusitiriwa na yale ya kupigiwa kelele, na mabinti wawili wamekuja dukani kwa kuelekezwa na yeye.

Sasa nieleze jambo linalonihusu mwenyewe, ambalo nina idhini ya kulieleza. Mdogo wangu aliolewa miaka sita iliyopita, na shemeji hakuwahi kumnyanyulia mkono. Aliacha shilingi 3,000 za sokoni kila asubuhi na jioni akadai hesabu hadi ya kitunguu. Kila usiku simu ilikaa kwenye kiganja chake kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Na kulikuwa na jambo la kopo la sukari. Mdogo wangu aliliweka kwenye rafu, akalikuta chini ya sinki. Shemeji akamwambia umeanza kusahau. Kesho yake ufunguo, kesho kutwa kadi ya kliniki ya mtoto, na kila mara maneno yale yale, kwa upole, mbele ya watoto. Akaanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani mahali alipoweka kila kitu, kisha akaogopa hata mwandiko wake. Alipomweleza Mama, Mama alimwambia: "Hajakupiga, hajakunyima chakula, wala halewi. Unataka nini tena, mwanangu?" Nilikuwapo, na sikusema kitu, kwa sababu nami niliwaza hivyo hivyo. Ninaliandika hili nikiwa ninalijutia kwa dhati.

Nilimpeleka dukani kwa kisingizio cha picha za pasipoti. Jumamosi hiyo Mwalimu alikuwa akisimulia tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton iliyoonyeshwa Uingereza mwaka 1938, kuhusu mume anayezifanya taa za gesi za nyumbani zififie, na mkewe anapouliza mbona zimefifia, anaambiwa ni mawazo yake tu, mpaka anaanza kuamini kwamba akili zinamruka. Kutokana na jina la tamthilia hiyo, Gas Light, wasemao Kiingereza wamepata neno la tabia hiyo yote, gaslighting. Sisi hatuna neno moja, lakini wanawake kwenye mkeka walikuwa nayo maelezo tayari: ananifanya nijione mwehu. Mdogo wangu alikaa kimya hadi mwisho. Tulipofika jikoni kwangu alitoa karatasi yake iliyokunjwa, ambayo nilidhani ni ya mhusika wa siku hiyo. Upande wa kushoto ulianza na "cheti cha ualimu wa chekechea" na ukaishia na "kucheka na dada". Upande wa kulia ulikuwa mweupe. Akanionyesha kwa kidole mstari wa juu kabisa, mahali pa kuandika jina la mhusika. Alikuwa ameandika lake.

Kama huduma ingeishia hapo ningeiita nzuri lakini ya hatari, kwa sababu mtu anayefumbuliwa macho bila kuonyeshwa mlango huachwa pabaya kuliko alipokuwa. Haiishii hapo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi huja msaidizi wa kisheria, mwanamke mwenye subira, na saa zile mbili zina thamani kuliko mabango yote niliyowahi kuyaona. Anaanza na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, kinachotamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo, na anasisitiza kwamba kimesema mwenzi, hakikusema mke tu. Anaeleza kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanamume, na kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Anaeleza hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Nilimwona muuza vitumbua mmoja akiandika jina la shauri hilo kwenye kanga yake kwa kalamu, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine.

Anaeleza pia njia yenyewe ilivyo. Shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi mahakamani kabla ya kupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lakini mahakama inaweza kukubali kuliruka baraza pale inaporidhika kwamba mazingira si ya kawaida na usuluhishi hauwezekani. Hili lilikuwa geni kwangu, na nadhani ni geni kwa wengi ambao wamesukumwa wakae meza moja na mtu wanayemwogopa. Aliyeumizwa anakwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anapewa fomu ya PF3 ambayo hailipiwi, na anahakikisha daktari ameandika majeraha yote, yakiwamo yasiyouma sana, kwa maana karatasi hiyo itahitajika hata miezi baadaye. Kwa mtoto aliye hatarini kuna namba 116, ya bure. Msaidizi hafichi kwamba watumishi hawafanani. Mimi mwenyewe nilimsindikiza jirani kwenye kituo kimoja, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa amemuudhi nini mumewe. Tulirudi kesho yake, tukampata askari mwingine, na mambo yakaenda. Ushauri wa msaidizi ni kutokwenda peke yako, na kuomba dawati kwa jina lake tangu unapofika kaunta.

Upungufu upo, na nimemwambia Mwalimu ana kwa ana kabla ya kuuandika hapa.

Mkubwa kuliko yote ni ushauri wa pupa. Msichana anayemsaidia Mwalimu, mwenye moyo safi kabisa, alikuwa na desturi ya kumwambia kila aliyeigundua hali yake: "Sasa umejua, dada, ondoka leo." Ni maneno mazuri kwenye hadithi. Katika maisha, kipindi cha kuondoka na siku zinazokifuata mara nyingi ndicho cha hatari kubwa zaidi, kwa kuwa aliyekuwa akimtawala mwenzake anaona utawala unamponyoka. Kuondoka kunahitaji maandalizi ya kimya: vyeti vya watoto, kitambulisho cha taifa na kadi ya benki viwe kwa mtu anayeaminika; nauli iwe imewekwa pembeni kidogo kidogo; jirani mmoja awe anajua ishara; mahali pa kulala pawe pamejulikana, tena si kwa ndugu wa kwanza ambaye mume atamfikiria. Na wapo wasioweza au wasiotaka kuondoka mwaka huu, nao wanastahili kuendelea kukaribishwa mkekani bila kuonewa aibu. Mwalimu amekubali, na msichana yule sasa hasemi ondoka, anauliza, "Unahitaji nini kwanza?" Badiliko hilo nimelishuhudia, na bado ninaliona kuwa changa.

Pili ni daftari la kuazima. Lilikuwa likikaa wazi juu ya kaunta, na ndani yake majina kamili, mitaa na vitabu vilivyochukuliwa, wakati kaunta hiyo hiyo ndiyo wanaume wanayoegemea wakisubiri kopi za leseni zao. Sikuamini kwamba jambo hilo lilipita bila mtu kuliona kwa muda wote huo. Tatu ni ukuta wa mbao nyembamba unaotenganisha mkeka na kijiwe cha kahawa cha jirani. Wakati wa kusoma hadithi si tatizo, kwani hadithi ni hadithi, lakini mtu anapoanza kusema ya kwake sauti inavuka. Kwa sasa Mwalimu huwasha feni kuukuu inayounguruma, nayo husaidia kiasi tu.

Wanaume ni wachache mno. Nimewaona watatu kwa miezi yote minane, na mmoja wao, fundi baiskeli, alijaza karatasi yake akimwandika shujaa badala ya binti, akaorodhesha kila alichomchukulia mwenzake, akaiweka mfukoni bila kumwonyesha mtu, na Jumamosi iliyofuata akarudi. Ningependa kipatikane kikao chao, chenye mwongozaji wao. Ningependa vilevile kabati liongezwe riwaya ambamo watu wawili wanapendana bila mmoja kumeza maisha ya mwenziwe, maana kwa sasa tunajua sana kutambua kibaya, lakini mabinti wa kidato cha nne wanaokuja pale wanauliza kizuri kinafananaje, na Mwalimu ana vitabu viwili tu vya kuwapa.

Kwa gharama, sina la kulalamika. Shilingi 500 kwa wiki ni chini ya sahani ya chipsi, na asiye nayo hasomewi deni. Kwa mtu anayetaka kuanzisha huduma kama hii, nashauri aanze na msaidizi wa kisheria kabla ya kununua vitabu, na asiweke bango lolote nje.

Mdogo wangu na wanawe wako mahali salama, nje ya mkoa, na amesoma maneno haya kabla hayajawafikia wasomaji. Shauri lake liko Mahakama ya Mwanzo. Nilipopita dukani juzi kurudisha riwaya aliyokuwa ameiazima mwezi wa tatu, daftari halikuwa tena juu ya kaunta. Mwalimu alilitoa kwenye droo yenye kufuli, na ndani yake hapakuwa na majina tena, ni namba tu. Akaitafuta namba ya mdogo wangu, akaweka alama ya vema, na akakataa kupokea faini ya kuchelewa.